Mlango uliofungwa na aibu: historia ya juhudi za kupambana na unyanyapaa wa utoaji mimba

Sheria zilizorithiwa na nchi za Afrika Mashariki kutoka kwa wakoloni zinakataza kutoa mimba, lakini ziliacha nafasi ya kuokoa maisha ya mama. Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Makkah mwaka 1990 nao waliacha nafasi. Hata hivyo, wanawake wengi hawakuifikia nafasi hiyo, kwa kuwa aibu iliwazuia mapema kuliko sheria na dini. Makala haya yanafuatilia historia ya waliojaribu kuiondoa aibu hiyo.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019, msichana wa umri wa miaka 16 katika kaunti ya Kilifi, kwenye mwambao wa Kenya, alishikwa na maumivu makali na kuanza kutokwa na damu. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, na alikuwa mjamzito. Alikwenda kwenye zahanati, ambako tabibu alimchunguza, akabaini kwamba mimba ilikuwa imekwisha kuharibika, na akampa huduma ya dharura.

Msichana huyo alikuwa angali akitibiwa pale polisi walipoingia. Walimkamata yeye na tabibu wake, wakachukua kumbukumbu za matibabu, na baadaye akapelekwa hospitali nyingine kuchunguzwa upya bila ya ridhaa yake. Alishtakiwa kwa kosa la kutoa mimba, na tabibu akashtakiwa kwa kumsaidia. Msichana alikaa kizuizini kwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya familia yake kupata dhamana.

Katika kumbukumbu za mahakama anatajwa kwa herufi tatu tu. Kesi yake, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2022, imekuwa miongoni mwa kesi zinazotajwa sana barani Afrika kila panapozungumzwa haki za afya ya uzazi. Lakini ili kufahamu kwa nini mgonjwa aweze kutolewa kitandani na kutiwa rumande, sharti kurudi nyuma kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Sheria iliyokuja na meli

Mwaka 1861 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu. Ndani yake mlikuwa na vifungu vilivyofanya kutoa mimba kuwa kosa kubwa la jinai. Maneno ya vifungu hivyo yalisafiri hadi kwenye makoloni, na mwaka 1930 yakaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Anayemtoa mwanamke mimba alitengewa kifungo cha hadi miaka 14. Mwanamke mwenyewe alitengewa miaka 7, na mwenye kutoa dawa au vifaa miaka 3. Vifungu vinavyofanana navyo, vyenye idadi ile ile ya miaka, vimo pia katika sheria za Tanzania Bara na Uganda.

Pamoja na ukali huo, sheria hiyo haikuwa ukuta usio na mlango. Kifungu kingine cha kanuni hiyo hiyo kilimkinga daktari aliyefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mjini London mwaka 1938, daktari bingwa Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyekuwa amebakwa na askari, kisha yeye mwenyewe akawaarifu polisi. Alishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru, baada ya jaji kueleza kwamba kuokoa maisha ya mama hakutenganishwi na kuilinda afya yake ya mwili na ya akili. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliufuata msimamo huo.

Uingereza yenyewe iliibadilisha sheria yake mwaka 1967. Mataifa ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo yalikuwa yamekwisha kupata uhuru, yalibaki na maneno ya mwaka 1861. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba ule mlango mdogo ulijulikana na mawakili na madaktari wachache. Mwanamke wa kijijini, mkunga wa jadi, hata askari polisi wa kituo cha kata, walichokijua ni kifungo.

Mjadala wa Hijazi

Kwa wakaazi wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, sheria ya serikali haikuwa kipimo pekee. Walio wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imam Shafi, na macho yao kwa karne nyingi yameelekea Hijazi, walikokwenda kuhiji na kusoma. Mtaani jibu lilikuwa fupi: dini imekataza, basi. Vitabu vya fiqhi, hata hivyo, vina maelezo marefu zaidi.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inazungumzia hatua za kuumbwa kwa mtoto tumboni, na wanazuoni wengi wameifahamu kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120. Baada ya hapo walikubaliana kwamba mimba haitolewi, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Kabla ya hapo walitofautiana. Wahanafi wengi waliruhusu kukiwa na udhuru, Wamaliki wengi walikataa, na Mashafi hawakuwa na kauli moja. Imam Ghazali, aliyeishi karne ya 11 na mwanzoni mwa karne ya 12, alilikataa tendo hilo katika kila hatua, lakini aliona kwamba uzito wa kosa unaongezeka kadiri mimba inavyokua.

Mjadala huo wa kale ulifufuka nchini Saudi Arabia katika miaka ya 1980, wakati vipimo vya kitabibu vilipoanza kuonyesha maradhi ya mtoto kabla hajazaliwa. Mwaka 1987 Halmashauri ya Wanazuoni Wakuu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi uliogawa ujauzito katika vipindi. Katika siku 40 za mwanzo, mimba inaweza kutolewa kwa maslahi yanayokubalika kisheria au kuepusha madhara. Baada ya hapo masharti yanakaza, na baada ya miezi minne hairuhusiwi ila jopo la madaktari bingwa likithibitisha kwamba mama atakufa.

Mwezi wa Februari mwaka 1990, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, Rabita, lilikutana Makkah na kukubali kwamba kabla ya siku 120 mimba inaweza kutolewa ikiwa madaktari bingwa wamethibitisha kwamba mtoto ana ulemavu mkubwa usiotibika, na wazazi wakitaka. Kanuni za udaktari za Saudi Arabia za kipindi hicho, na baadaye sheria ya watumishi wa afya ya mwaka 2005, ziliruhusu pia kuitoa mimba isiyotimiza miezi minne endapo kuendelea nayo kunahatarisha vibaya afya ya mama.

Hakuna hata moja kati ya maamuzi hayo lililohalalisha kutoa mimba kwa hiari ya mwanamke. Tunisia, iliyofanya hivyo mwaka 1973, ilibaki mfano wa pekee katika ulimwengu wa Kiarabu. Lakini maamuzi ya Riyadh na Makkah yalifanya jambo moja ambalo mitaa ya Mombasa na Tanga haikulifanya: yalilijadili suala hadharani, kwa lugha ya siku, vipimo na madhara, pasipo matusi.

Hata huko Saudi Arabia, fatwa haikumfikia kila mtu. Wanawake kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika mitaa ya wenye uwezo, kama vile Al-Hamra ya Jeddah na Al-Hamra ya Riyadh, waliukuta mlango mwingine umefungwa. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2008 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani nchini humo, lilieleza jinsi mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa, hata kwa kubakwa, alivyoweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Kwa mwanamke wa namna hiyo jopo la madaktari lilikuwa mbali, maana kufika hospitali tu kulikuwa ni kujipeleka polisi.

Cairo, na moto wa Uhuru Park

Mwezi wa Septemba mwaka 1994, wajumbe wa nchi zipatazo 180 walikutana Cairo katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo. Suala la utoaji mimba liliutawala mkutano huo kwa siku kadhaa. Vatican ililipinga vikali, na Saudi Arabia haikuhudhuria kabisa. Hatimaye yalipatikana makubaliano ya wastani: kutoa mimba kusihimizwe kuwa njia ya kupanga uzazi, sheria iachiwe kila nchi, lakini mwanamke aliyepata madhara atibiwe kwa hali zote, bila kuulizwa mimba iliharibikaje.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowapa wauguzi na madaktari wa Afrika Mashariki silaha ya kwanza dhidi ya unyanyapaa. Huduma baada ya mimba kuharibika ilikuwa ni jina lisilo na hukumu ndani yake. Muuguzi aliyeogopa kuitwa muuaji aliweza sasa kusema kwamba anamtibu mgonjwa anayetokwa na damu, na huo ulikuwa ni ukweli.

Hali ya nje ya hospitali ilikuwa tofauti. Mwezi wa Agosti mwaka 1996, katika bustani ya Uhuru Park mjini Nairobi, Kardinali Maurice Otunga wa Kanisa Katoliki, akiwa pamoja na viongozi wa Kiislamu, aliongoza ibada ambamo mipira ya kondomu na vitabu vya elimu ya afya ya uzazi vilichomwa moto. Ikiwa kitabu tu kilistahili kuchomwa, mwanamke aliyetoa mimba angesimama wapi na kusema?

Majina 343, na herufi tatu

Katika Ulaya wapo waliosimama. Tarehe 5 Aprili mwaka 1971, jarida la Le Nouvel Observateur la Ufaransa lilichapisha tamko la wanawake 343 waliokiri kwamba wamewahi kutoa mimba, jambo lililokuwa kosa la jinai. Mwandishi Simone de Beauvoir aliliandika tamko hilo, na waigizaji mashuhuri walilitia saini. Miezi miwili baadaye jarida la Stern la Ujerumani Magharibi lilichapisha tamko kama hilo lenye majina 374, lililoandaliwa na mwandishi habari Alice Schwarzer. Serikali haikuweza kuwafunga wote, na majirani hawakuweza kuwatenga wote. Miaka minne baadaye Ufaransa ilikuwa na sheria mpya.

Njia hiyo haikupatikana Afrika Mashariki. Katika jamii ambamo jina la binti ni jina la ukoo mzima, kujitaja hadharani kungewaangukia wazazi, ndugu na hata wajukuu. Wanaharakati wa Kenya walilazimika kutafuta njia nyingine, na walisukumwa kuitafuta na kesi iliyotikisa nchi.

Mwezi wa Mei mwaka 2004 viliokotwa vijusi 15 vilivyotupwa kando ya mto mjini Nairobi. Pamoja navyo zilikuwepo karatasi zilizohusishwa na kliniki ya daktari wa wanawake, Dk. John Nyamu. Daktari huyo na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, kosa lisilokuwa na dhamana wakati huo. Walikaa gerezani kwa mwaka mmoja, hadi Juni mwaka 2005, Mahakama Kuu ilipowaachia huru kwa kukosekana ushahidi wa kuwahusisha na vijusi hivyo. Kwa mwaka huo mzima magazeti yalikuwa na picha, na zahanati zilikuwa na hofu.

Kutokana na kesi hiyo, vyama vya madaktari, wanasheria wanawake na watetezi wa haki za binadamu waliungana. Badala ya majina, walileta hesabu. Utafiti wa taifa uliofanywa na wizara ya afya pamoja na chama cha madaktari, chama cha wanasheria wanawake FIDA-Kenya na shirika la Ipas, ulikadiria mwaka 2004 kwamba mimba 300,000 zilikuwa zikitoka kila mwaka nchini humo, na wanawake wapatao 20,000 walikuwa wakilazwa katika hospitali za umma kwa madhara yake. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2013 na wizara hiyo na kituo cha utafiti cha APHRC, ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa matatizo yaliyofuata.

Takwimu hizo zilisema jambo ambalo hakuna mwanamke mmoja angeweza kulisema peke yake: kwamba aliyelala katika wodi hiyo hakuwa mtu mwovu wa pembeni, bali ni binti, mke na mama wa kila nyumba.

Neno lililoazimwa kutoka kwa UKIMWI

Wanaharakati waliazima pia neno. Unyanyapaa lilikuwa limekwisha kuzoeleka masikioni kutokana na kampeni za UKIMWI, zilizowafundisha watu kwamba mgonjwa anaweza kuuawa na kutengwa kabla hajauawa na maradhi. Mwaka 2009 watafiti watatu, Anuradha Kumar, Leila Hessini na Ellen Mitchell, walichapisha makala iliyolitumia wazo hilo kwa utoaji mimba. Walieleza kwamba unyanyapaa huu hauko sawa kila mahali, hutengenezwa na jamii kwa namna zake, na kwa hiyo unaweza kutenguliwa.

Kazi ya kuutengua ilifanyika zaidi katika vyumba vya semina kuliko barabarani. Wauguzi, polisi, waalimu na viongozi wa dini waliwekwa pamoja na kuulizwa maswali magumu: ungefanya nini angekuwa binti yako? Lengo halikuwa kumgeuza kila mtu kuwa mtetezi. Muuguzi mwenye kupinga kutoa mimba aliruhusiwa kubaki na imani yake, ila atambue kwamba mgonjwa aliye mbele yake hastahili kusubirishwa hadi mwisho wa foleni, wala kutibiwa bila ganzi ili apate funzo.

Katiba, waraka na kifo

Katika kura ya maoni ya Agosti mwaka 2010, Wakenya waliipitisha katiba mpya kwa takriban asilimia 67. Ibara ya 26 inatamka kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi ila kwa rai ya mtaalamu wa afya mwenye ujuzi, pakiwa na haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Makanisa mengi yaliipinga rasimu kwa sababu ya ibara hiyo na kwa sababu ya mahakama za Kadhi. Viongozi wengi wa Kiislamu waliiunga mkono.

Mwaka 2012 wizara ya afya ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza watumishi namna ya kuitekeleza ibara hiyo. Mwezi wa Desemba mwaka 2013 mwongozo huo uliondolewa, na mapema mwaka 2014 waraka wa wizara ukapiga marufuku mafunzo ya utoaji mimba salama. Katiba ilibaki vile vile, lakini watumishi wa afya waliusoma waraka kama onyo.

Mwaka huo huo wa 2014, msichana wa miaka 14 magharibi mwa Kenya alibakwa, akapata mimba, na ikatolewa kwa njia isiyo salama. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine akiwa mahututi. Alipona kwa muda, lakini figo zake zilikuwa zimeharibika, na mwaka 2018 akafariki dunia. Mama yake, akishirikiana na FIDA-Kenya, alikuwa amekwisha kuishtaki serikali. Tarehe 12 Juni mwaka 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu mjini Nairobi waliamua kwamba kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha katiba, na wakaamuru mama huyo alipwe fidia ya shilingi milioni tatu. Binti yake naye anatajwa katika hukumu kwa herufi tatu.

Miezi mitatu tu baada ya hukumu hiyo, polisi waliingia katika ile zahanati ya kaunti ya Kilifi.

Hukumu ya Malindi na yanayobishaniwa

Mwezi wa Machi mwaka 2022, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliamua kwamba huduma ya kutoa mimba katika mazingira yaliyotajwa na katiba ni haki ya msingi, kwamba kuwakamata ovyo wagonjwa na wanaowatibu ni kinyume cha sheria, na kwamba mazungumzo kati ya mgonjwa na tabibu wake ni siri inayolindwa. Mashtaka dhidi ya msichana na tabibu yalifutwa. Upande wa pili haukuridhika, na shauri likafikishwa mbele ya Mahakama ya Rufani.

Wanaopinga wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Wanaikumbusha mahakama kwamba katiba hiyo hiyo inamtambua mtoto tangu kutungwa kwa mimba. Wanasema kwamba aibu nyingine ina kazi yake katika jamii, na kwamba ikiondolewa, tendo lenyewe litaonekana dogo. Kwa waumini wengi, wa Kikristo na wa Kiislamu, hoja hiyo ina uzito.

Lakini historia inaonyesha kwamba aibu haikuzuia mimba kutolewa. Hesabu za mwaka 2004 na za mwaka 2012 zilikusanywa katika nchi ambayo aibu yake haikuwa imepungua. Ilichokifanya aibu ni kumchelewesha mwanamke kufika hospitali na kumtia woga wa kusema kweli mbele ya muuguzi. Nchini Rwanda, sheria ililegezwa mwaka 2012 kwa kuruhusu mimba ya kubakwa itolewe kwa idhini ya mahakama, lakini ni wachache waliothubutu kwenda kusimama mbele ya hakimu. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2018, na Aprili mwaka 2019 Rais Paul Kagame aliwasamehe wanawake na wasichana 367 waliokuwa wamefungwa kwa makosa yanayohusiana na utoaji mimba.

Wanazuoni waliokutana Makkah na waandishi wa katiba ya Kenya hawakukubaliana juu ya mengi, na wengi wao wangeshangaa kutajwa pamoja. Hata hivyo pande zote mbili zilitambua kwamba ipo saa ambayo maisha ya mama yanatangulia, na zote mbili zilimkabidhi mtaalamu wa afya jukumu la kuitambua saa hiyo. Msichana wa Kilifi alikwenda kwa mtaalamu kama alivyotakiwa, akapata matibabu, na akatolewa kitandani na watu walioamini kwamba maelezo yake hayakuwa na haja ya kusikilizwa.